Namba Nazo Husimulia: Historia Fupi ya Viumbe wa Mashabiki wa Pokémon

Tukisikia shabiki ametunga kiumbe wake mwenyewe, wengi wetu tunawaza mchoro: mkia, pembe, rangi, jina la kuchekesha. Kuchora ni raha. Kazi inaanza pale anapotakiwa kujaza namba sita: uhai, shambulio, ulinzi, shambulio maalumu, ulinzi maalumu na kasi. Ukikosea mchoro, watu watacheka halafu watasahau. Ukikosea namba, gemu nzima inakufa, maana kila mchezaji atambeba kiumbe yule yule mmoja na wengine mia watabaki mapambo tu.

Elimu hii mashabiki waliitoa wapi? Turudi Japani, tarehe 27 Februari 1996, zilipotoka Pokémon Red na Green. Mwanzilishi wake, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto wa kukimbizana na wadudu, na ndoto yake ilikuwa kuwapa watoto wa mjini raha ile ile ya kukamata na kukusanya. Viumbe walikuwa 151, na wakati huo namba zilikuwa tano tu. Shambulio maalumu na ulinzi maalumu vilikuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo mizani ilipoelemea upande mmoja. Alakazam, kiumbe wa nguvu za akili, alikuwa na 135 kwenye namba hiyo moja, kwa hiyo alipiga kwa nguvu na kustahimili mapigo ya aina hiyo hiyo kwa mkupuo mmoja. Mapigo ya mizimu hayakuwagusa kabisa viumbe wa aina yake. Aina pekee iliyowazidi ni wadudu, lakini mapigo ya wadudu yalikuwa dhaifu mno. Leech Life, kwa mfano, ilikuwa na nguvu ya 20 tu. Yaani mtu aliyependa wadudu tangu utotoni alitengeneza dunia ambayo wadudu hawana meno!

Kulikuwa na jambo jingine lililojificha zaidi. Katika gemu hizo za mwanzo, uwezekano wa kutoa pigo la hatari ulitegemea kasi: ichukue kasi ya asili ya kiumbe, igawe kwa 512. Tauros, mwenye kasi ya 110, alipata takribani asilimia 21. Kwa hiyo aliyewahi kupiga ndiye pia aliyepiga vibaya zaidi. Wahenga walituambia haraka haraka haina baraka. Huku haraka ilikuwa na baraka mbili.

Marekebisho yalikuja mwaka 1999, na Gold na Silver. Namba ile maalumu ikagawanywa mara mbili. Alakazam akabaki na 135 ya kushambulia, lakini ulinzi wake maalumu ukashuka hadi 85. Chansey, aliyekuwa na 105 kote, akabaki na ulinzi huo huku shambulio likiporomoka hadi 35. Zikaongezwa aina mbili mpya, giza na chuma, ili wenye nguvu za akili nao wapate wa kuwaogopa.

Halafu mwaka 2002, Ruby na Sapphire zikatufundisha kwamba jumla ya namba inaweza kudanganya. Slaking ana jumla ya 670, sawasawa na Groudon na Kyogre, viumbe wanaotikisa nchi kavu na bahari. Lakini Slaking ni mvivu: akipiga zamu moja, inayofuata anapumzika. Shedinja kwa upande wake ana uhai wa 1, moja tu, lakini pigo la moja kwa moja halimpati isipokuwa la aina anayoiogopa. Ukiwatazama hawa wawili utaona kwamba namba zinaeleza tabia. Zinasema nani ni goigoi na nani ni ganda tupu linalosubiri kupasuka.

Mashabiki walisoma yote haya kwa makini kuliko wahakiki wengi wanavyosoma riwaya. Mwaka 2007, jumuiya ya Smogon ilianza mradi wa kutunga viumbe kwa pamoja, wa kwanza akiwa Syclant, wa barafu na wadudu. Aina, uwezo, namba, mapigo: kila hatua inajadiliwa, inapigiwa kura, kisha kiumbe anaingizwa katika mapambano ya majaribio. Swali lao ni moja: huyu akiingia, nani atapumua na nani atazimwa?

Wengine walikwenda mbali zaidi. Pokémon Uranium, iliyotoka Agosti 2016 baada ya miaka tisa ya kazi, ilileta viumbe wapya zaidi ya 150 na aina mpya kabisa ya nyuklia. Mapigo yake yanaumiza karibu kila aina, na karibu kila aina inamuumiza mwenyewe. Hiyo nayo ni mizani: nguvu kubwa imelipiwa kwa udhaifu mkubwa, na ndiyo hadithi yenyewe ya nyuklia.

Ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 1.5, kisha barua za mawakili wa Nintendo zikaja na watengenezaji wakaondoa viungo vya kupakua. Mwaka huo huo iliteuliwa kuwania tuzo ya kazi bora ya mashabiki katika The Game Awards, halafu jina lake likafutwa kwenye orodha. Nintendo ina haki zake kisheria, sikatai. Lakini tuwe wakweli kuhusu kilichopotea. Wengi wanaita kazi kama hii wizi wa majina. Mimi naona miaka tisa ya watu kujibu kitabu walichokipenda, kosa kwa kosa, namba kwa namba.

Kwa hiyo siku ukikutana na kiumbe wa shabiki, usiishie kwenye mchoro. Soma zile namba sita. Tazama aliyemtunga amempa nini, halafu tazama amemnyima nini.