Geji ya Mrija na Geji ya Waya

Geji ya makanika huletewa kwa mrija kitu chenyewe inachokipima, au msukumo wake. Geji ya umeme huletewa habari zake kwa waya. Anayetaka kuongeza geji kwenye gari lake aanzie hapo, maana kila aina huharibika kwa namna yake, na namna ya kuharibika ina uzito kuliko bei.

Kukosekana kwa presha ya oili ndiko kunakoua injini haraka kuliko kitu kingine. Geji yake ya makanika huunganishwa na bloku kwa mrija mwembamba wa shaba au nailoni. Oili husafiri humo hadi kwenye dashibodi, ikaingia katika kibomba bapa kilichopindwa kama mundu. Presha ikipanda, kibomba hutaka kujinyoosha, na ncha yake huvuta vimeno vinavyozungusha mshale. Mfaransa Eugène Bourdon alipata hataza ya ufundi huo mwaka 1849, enzi za mitambo ya mvuke. Hauhitaji betri wala fyuzi. Pampu ikivuta hewa badala ya oili, mshale huanguka papo hapo, na dereva akiwa macho huzima kabla injini haijanoki.

Ubaya wake ni kwamba oili ya moto imeingia alipokaa dereva. Mrija wa nailoni ukigusa ekzosi huyeyuka. Wa shaba usipoachiwa mzunguko mmoja au miwili karibu na injini, mtikiso huuchosha ukakatika, na oili ikamwagikia miguu au ekzosi. Pale unapopenya bati, lazima upite kwenye mpira. Kwa sababu ya hatari hiyohiyo ya kuvuja, mrija wa petroli haufai kabisa kuingizwa ndani ya gari. Presha ya petroli ipimwe kwa sensa na waya.

Geji ya joto ya makanika haileti maji ndani. Ina balbu inayozama kwenye maji ya injini, na kimrija chenye etha kilichozibwa kiwandani; mvuke wa etha ndio unaosukuma mshale. Kimrija hicho hakikatwi wala hakiungwi. Kikizidi urefu, kizungushwe vizuri. Kikivunjika, geji imekwisha. Ndiyo maana kwa lori ambalo kichwa chake huinamishwa kila fundi anapotaka kufikia injini, au basi lenye injini nyuma, ningechagua waya bila kusita.

Upande wa umeme, sensa ya joto hupunguza ukinzani wake kadiri maji yanavyopata moto, na geji huusoma mkondo unaopita. Geji nyingi za zamani zina kibati cha metali mbili kilichozungushiwa waya unaopata joto, nacho hujipinda polepole. Kwa tangi la mafuta upole huo ni neema: mafuta yakisukwasukwa kwenye barabara ya makorongo, mshale hautetemeki. Kwa presha ya oili upole huohuo ni hatari. Katika Land Rover Series III geji za joto na mafuta hulishwa na kifaa kimoja kinachoshusha umeme hadi volti 10. Mishale yote miwili ikipanda kupita kiasi kwa pamoja, kitazamwe hicho kabla ya kununua sensa.

Sensa na geji ni pacha. Kwa tangi la mafuta, kutoka tupu hadi kujaa, za Ulaya mara nyingi huenda kutoka omu 10 hadi 180, za Marekani kutoka 240 hadi 33, yaani kinyume kabisa. Ukizichanganya, mshale utasogea na utakudanganya. Tredi nazo hutatiza: ya Toyota ina meno 28 kwa inchi, ya Marekani 27, na tofauti ni ndogo kiasi kwamba huanza kuingia kabla ya kuharibu tundu. Sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia tredi zake, kwa hiyo tepu ya kuzuia kuvuja ikizungushwa nyingi mno hukata ethi.

Pengine utauliza geji ya ziada ni ya nini ikiwa gari limekuja na yake. Katika magari mengi ya karibuni mshale wa joto hupitia kompyuta inayoushikilia katikati, hata joto likipanda au kushuka kwa nyuzi nyingi. Ukiona unaondoka hapo, muda umekwisha.

Kwa dizeli ya zamani inayofanya kazi mbali na fundi umeme, ningefunga geji za oili na joto za makanika, na za mafuta na volti za umeme. Ila kuna tatizo moja ambalo aina zote mbili haziliepuki. Maji yakivuja hadi balbu au sensa ikabaki hewani, joto linalosomwa hushuka huku injini inaungua. Dereva anayepanda mlima Kitonga na mzigo, akiona mshale unaporomoka ghafla, asimame, azime, na asiguse mfuniko wa rejeta hadi ipoe.