Mkazo wa Neno Kabla ya Sura ya Nchi: Kutunga Muziki wa Shairi la Mandhari kwa Kwaya ya Sauti za Juu

Mandhari ya Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, humtia mtunzi wa muziki kishawishi cha mapema. Kutoka Sumbawanga, iliyo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nchi huporomoka kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, lenye mwinuko wa mita zipatazo 800. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba mahadhi yanayopanda na kushuka kama mteremko huo yamekwisha kulitendea haki shairi. Makala haya yanashikilia kwamba katika kwaya ya sauti za juu, yaani kwaya ya watoto au wanawake yenye soprano na alto bila teno wala besi, wajibu wa kwanza wa mtunzi ni kulinda mkazo wa neno, na sura ya nchi huja baada ya hapo.

Ugumu unatokana na kukutana kwa vipimo viwili. Shairi la Kiswahili hupimwa kwa mizani, yaani idadi ya silabi, bila kujali mkazo umeangukia wapi. Muziki wa kwaya, hasa ulioenea Afrika kwa nota za do-re-mi alizozisambaza John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, hupimwa kwa mapigo mazito na mepesi yanayorudi kwa zamu. Chukua mishororo hii miwili, iliyotungwa kwa ajili ya mfano, yenye mizani minane kila mmoja (Mbizi ni milima ya Ufipa):

Upepo wa Mbizi waja,
Ziwa Rukwa linangoja.

Mshororo wa pili una mkazo kwenye silabi ya kwanza, ya tatu na ya saba, hivyo unakaa vizuri katika mapigo manne yenye silabi mbilimbili. Wa kwanza una mkazo kwenye silabi ya pili, ya tano na ya saba. Ukiimbwa kwa mwendo uleule, "u" ya "upepo" hubeba pigo zito na neno hupotoka. Tiba yake ni kuitanguliza "u" kabla ya pigo la kwanza na kuivuta "pe" mahali pa silabi mbili, ili "Mbi" ifike kwenye pigo la tatu bila kuharakishwa.

Kasoro hiyo haijifichi katika sauti za juu. Besi katika kwaya kamili huweka msingi wa mapigo na kulishughulisha sikio, ilhali soprano na alto huyaacha maneno wazi. Ndiyo maana inafaa alto itembee sambamba na soprano, ikitamka silabi ileile kwa wakati uleule, au ishikilie kibwagizo kifupi kwenye do na so, kuliko sauti hizo kufukuzana mpaka maneno yafunikane.

Inaweza kupingwa kwamba waghani wa tenzi hutumia mahadhi mamoja kwa mamia ya beti, na kwamba mshairi Amri Abedi, katika kitabu chake cha 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, aliuhesabu uimbikaji kuwa sharti la ushairi wenyewe. Hoja hiyo ina uzito, lakini mghani huwa peke yake, naye hurefusha au kufupisha silabi kadiri neno linavyotaka. Kwaya ya watoto arobaini haina uhuru huo isipokuwa umeandikwa kwenye nota.

Kwa hiyo mahadhi yanaweza kubaki yaleyale, lakini mwendo wa kila ubeti hauna budi kupangwa upya baada ya maneno kusemwa kwa sauti huku mapigo yakihesabiwa kwa makofi. Mkazo ukishatulia, mandhari hupata nafasi yake katika vitenzi: "waja" linaweza kuteremka kutoka so hadi do, na "linangoja" likabaki kwenye nota moja. Mwalimu wa kwaya anayerekebisha nota badala ya kulilazimisha neno huwawezesha wasikilizaji kulifuata shairi lenyewe, wala si mahadhi yake tu.