Hazina ya majanga: pesa ya blanketi ipo, ya kujenga upya je?

Kila mvua ikiharibu, mjadala wa runinga ni uleule. Mmoja anasema kaunti ziundiwe hazina ya majanga, mwingine anajibu kwamba zinayo tayari. Hebu turudi nyuma kidogo.

El Niño ya 1997 na 1998 ilipobomoa barabara na madaraja, kaunti hazikuwepo. Kila kitu kilisubiri Nairobi, na Nairobi ikaenda kukopa Benki ya Dunia. Katiba ya 2010, kifungu cha 208, ikaweka Hazina ya Dharura ya taifa. Kisha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ikaruhusu kila kaunti kuunda yake, bunge la kaunti likikubali. Imeruhusu, haijalazimisha. Na kikomo ni asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia.

Sasa someni kifungu cha 112 polepole. Pesa inatoka tu kama haja ni ya haraka na haikutarajiwa, na madhara ni madogo, ndani ya kaunti hiyo pekee.

Mimi kwetu ni Budalang'i. Mto Nzoia unatoka Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, unapita Kakamega na Siaya ndio utufikie sisi Busia. Hayo ni mafuriko ya kaunti moja kweli? Na kutotarajiwa na nani, wakati kwetu hata mtoto wa darasa la nne anajua mwezi wa kupandisha magodoro juu?

Mei 2020 tuta la kuzuia maji lilipovunjika, nyanya yangu alipewa blanketi mbili, unga na neti ya mbu. Alishukuru sana. Kambi ikafungwa, msaada ukaisha. Nyumba aliijenga kwa kuuza ng'ombe wake wawili, na hao ndio walikuwa wanamlimia. Mwaka uliofuata alikodi shamba lake kwa jirani.

Ukame angalau ulitajiwa hazina yake kwenye sheria ya 2016. Mafuriko hayamo.

Kwa hivyo mgombea akisimama kwa gari na kuahidi "hazina ya majanga", msipige makofi kwanza. Muulizeni: ni ya siku ya maji, ama ni ya mwaka unaofuata? Na kaunti za juu ya mto zitaweka ngapi?