Timu ya Mwisho Kufungua Mlango: Msimu wa Washington, 1962

Walimu wasaidizi, tafadhali andikeni ubaoni maneno matatu: ligi, kandarasi, ubaguzi. Maneno hayo tutayakuta mara nyingi leo.

Somo letu ni la Marekani, tena ni la mpira. Najua wengine wenu mtauliza, mpira nao ni historia? Ngojeni kidogo. Utaona kwamba katika habari hii yumo waziri wa serikali, yumo tajiri, na yumo kijana aliyefariki kabla ya kucheza. Mpira ni uwanja tu wa kukutania.

Kwanza tufahamu mchezo wenyewe. Mpira wa miguu wa Kimarekani si huu wetu. Mpira wao umechongoka ncha mbili, nao hushikwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa mguu. Kila upande una watu 11, wamevaa kofia ngumu na mito mabegani, maana huangushana kwa nguvu. Urefu wa uwanja ni yadi 100. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kwenda mbele yadi 10. Wakishindwa, wenzao huuchukua. Anayeufikisha mpira mwisho wa uwanja hupata bao la pointi 6, na timu huweza kuongeza pointi 1 kwa mkwaju. Kujua hivyo kunatutosha leo.

Sasa twende Washington, mji mkuu wa Marekani. Timu ya mji huo ilikuwa mali ya Bwana George Preston Marshall, aliyepata fedha zake katika biashara ya udobi. Timu yake ilianza Boston mwaka 1932, na mwaka 1937 akaihamishia Washington. Tusimnyime haki yake: alikuwa mtu mwenye akili ya biashara. Ndiye aliyeleta bendi na maonyesho makubwa wakati wa mapumziko, akashawishi ligi ibadili sheria ili mchezo upendeze, na timu yake ikachukua ubingwa mwaka 1937 na tena mwaka 1942.

Timu aliiita Redskins, yaani Ngozi Nyekundu, jina ambalo Wazungu waliwaita wenyeji wa asili wa nchi ile, nao wenyeji wengi huliona kuwa tusi. Shikeni jina hilo, tutalirudia.

Lakini Bwana Marshall hakutaka mchezaji mweusi hata mmoja. Tangu mwaka 1934 hadi 1945 ligi nzima haikuwa na mtu mweusi. Mwaka 1946 timu ya Los Angeles iliwaandika Kenny Washington na Woody Strode, na timu nyingine zikafuata moja moja. Kufika mwaka 1961 ligi ilikuwa na timu 14. Kumi na tatu zilikuwa na wachezaji weusi. Moja haikuwa nao, nayo ndiyo timu ya mji mkuu, mji ambao zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa watu weusi!

Kwa nini? Marshall alikuwa ameunganisha michezo ya timu yake na vituo vya redio na televisheni vya majimbo ya Kusini, ambako ubaguzi ulikuwa sheria. Aliogopa kuwaudhi wateja wake wa huko. Hiyo ndiyo sababu ya mfukoni. Ya moyoni tutaiona mwisho.

Ubaguzi huo ulikuwa na gharama yake. Mwaka 1960 timu ilishinda mchezo mmoja tu. Mwaka 1961 ilishindwa michezo 12, ikatoka sare mmoja, ikashinda mmoja. Toka ushindi wa mwaka 1960 hadi ule wa 1961 ilicheza michezo 23 bila kushinda. Ushindi huo ulipatikana tarehe 17 Desemba, 1961, juu ya Dallas, pointi 34 kwa 24. Wazee wa Tanganyika wataikumbuka tarehe hiyo kwa urahisi: ilikuwa siku nane baada ya Uhuru. Mwandishi mmoja wa gazeti la Washington Post, Shirley Povich (naye ni mwanamume, msidanganywe na jina), alimdhihaki Marshall kwa kalamu yake mwaka baada ya mwaka. Marshall hakujali.

Kilichombana ni ardhi. Nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye fundisho la uraia.

Kwa miaka mingi timu ilicheza katika uwanja wa zamani, Griffith Stadium. Kisha ukajengwa uwanja mpya, mzuri, na Marshall akatia saini kandarasi ya kuutumia kwa miaka 30. Alifurahi sana. Lakini uwanja huo ulisimama juu ya ardhi ya serikali kuu, na msimamizi wa ardhi hiyo alikuwa waziri aitwaye Stewart Udall, mtu wa Arizona, katika serikali mpya ya Rais Kennedy. Wizara yake inaitwa ya Mambo ya Ndani. Msifikiri ni ya polisi kama ilivyo kwetu. Kule wizara hiyo hutunza ardhi ya taifa na mbuga.

Tarehe 24 Machi, 1961, Udall alimwonya Marshall. Maana ya onyo lake ni hii: ardhi ni ya wananchi wote, na mtu anayefanya biashara juu yake hawezi kukataa kumwajiri raia kwa sababu ya rangi yake. Ukiendelea kubagua, uwanja hutautumia.

Tazameni jinsi jambo lilivyofanyika. Udall hakumwambia Marshall ampende mtu mweusi, wala hakuingia katika nyumba yake. Alishika kandarasi tu, kama mwenye shamba anavyomkumbusha mpangaji masharti. Marshall alipiga kelele na kufanya mzaha. Wabaguzi waliovaa alama za Kinazi walisimama na mabango ya kumuunga mkono, na chama cha NAACP cha kutetea haki za watu weusi kikasimama na mabango ya kumpinga. Mkuu wa ligi, Pete Rozelle, akaingia kati kutafuta mapatano. Mwisho Marshall aliahidi kwamba mwaka 1962 timu yake itakuwa na mchezaji mweusi. Udall akamwachia msimu wa 1961. Uwanja ukafunguliwa tarehe 1 Oktoba, 1961, na timu ya weupe watupu ikashindwa na New York, 24 kwa 21.

Je, Udall alifanya vizuri kumwachia mwaka mmoja zaidi? Mimi naona alimwachia mno. Darasani mwenu jadilianeni.

Ligi ya Marekani ina desturi ya kugawana vijana wanaotoka vyuoni, na timu dhaifu kuliko zote huchagua kwanza. Basi kwa kushindwa kwake, Washington ilipata haki ya kuchagua kwanza. Desemba 1961 ilimchagua Ernie Davis wa Chuo Kikuu cha Syracuse, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo kubwa ya wachezaji wa vyuo, iitwayo Heisman. Kisha Washington ikambadilisha na timu ya Cleveland, ikapewa wawili: Bobby Mitchell na Leroy Jackson, wote weusi. Ikampata John Nisby kutoka Pittsburgh, na kumwandika kijana Ron Hatcher kutoka Chuo cha Michigan State.

Bobby Mitchell alizaliwa mwaka 1935 katika mji wa Hot Springs, jimbo la Arkansas. Cleveland alikuwa mkimbiaji hodari, lakini alikaa chini ya kivuli cha Jim Brown, mkimbiaji mkubwa kuliko wote wa wakati ule. Kocha wa Washington, Bill McPeak, alimtoa katikati akamweka pembeni, kazi yake iwe kukimbia mbele na kudaka mipira ya kijana Norm Snead.

Mchezo wa kwanza ulikuwa Dallas, Texas, tarehe 16 Septemba, 1962. Mitchell alifunga mabao matatu, moja kwa kuudaka mpira wa kuanzia na kukimbia nao yadi 92 bila kukamatwa. Matokeo yalikuwa sare, 35 kwa 35. Wiki ya pili walikwenda Cleveland, kwa mabwana zake wa zamani. Mchezo ukikaribia kwisha, Washington ilikuwa nyuma. Mitchell akadaka mpira, akawahepa walinzi, akafunga bao la yadi 50. Washington 17, Cleveland 16.

Wiki ya tatu walirudi nyumbani, katika uwanja ule ule wa kandarasi, wakaishinda St. Louis. Baada ya michezo sita walikuwa wameshinda minne, sare miwili, hawajashindwa. Timu iliyokuwa kichekesho!

Ningependa kuwaambia kwamba walichukua ubingwa, lakini historia si hadithi ya watoto. Ulinzi wao ulikuwa dhaifu. Mwishoni mwa Oktoba walikwenda New York, na huko Y. A. Tittle alitoa pasi saba za mabao katika mchezo mmoja. Wakafungwa 49 kwa 34. Baada ya hapo walishinda mmoja tu. Msimu ulikwisha kwa ushindi 5, kushindwa 7 na sare 2. Mitchell alidaka mipira 72 na kwenda nayo yadi 1,384, na hakuna aliyempita katika ligi nzima mwaka huo.

Wala msidhani mabao yalimpa raha. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alitukanwa, hata na watu waliokuja kuitazama timu yake. Kuwa wa kwanza ni mzigo. Ukidaka mpira, umedaka wewe. Ukiuangusha, watu husema weusi wameuangusha.

Na Ernie Davis? Katika kiangazi cha 1962 madaktari waligundua ana saratani ya damu. Alifariki tarehe 18 Mei, 1963, akiwa na miaka 23. Hakucheza hata mchezo mmoja wa ligi.

Marshall alifariki mwaka 1969. Katika wasia wake aliacha fedha za kuwasaidia watoto, akaweka sharti kwamba zisitumiwe kwa jambo lo lote la kuchanganya watu wa rangi mbalimbali. Ile ndiyo sababu ya moyoni niliyoitaja.

Mitchell aliacha kucheza, akabaki na timu akifanya kazi ya ofisini hadi mwaka 2003. Mwaka 1983 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Alitamani kuwa meneja mkuu, lakini cheo hicho hakupewa kamwe. Alifariki Aprili 2020. Mwezi Juni mwaka huo jiwe la ukumbusho wa Marshall lililosimama mbele ya uwanja wa zamani liling'olewa, na mwezi Julai timu ikaacha lile jina la Ngozi Nyekundu. Katika uwanja waliokuwa wakichezea wakati huo, huko Maryland, safu za chini za watazamaji zilikuwa na jina la Marshall. Jina hilo likaondolewa, zikaitwa kwa jina la Bobby Mitchell.