Nyanda za Juu Kusini: Mashariki au Kusini mwa Afrika?

Kwa watu wa Mrima, yaani pwani, bara ni nchi ya ndani, mbali na minazi na bahari. Darasani, bara ni Afrika, Asia au Ulaya nzima. Kwa maana zote mbili, Mbeya na Iringa za Nyanda za Juu Kusini zimo barani. Utata huja tunapouliza ziko upande gani wa Afrika.

Umoja wa Mataifa una orodha ya takwimu inayozipanga nchi na maeneo ya dunia kwa mabara na kanda. Humo Tanzania imo Afrika Mashariki pamoja na Zambia, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe. Umoja wa Afrika, wenye kanda tano, unaiacha Tanzania Mashariki lakini Zambia na Malawi unazihesabu Kusini. SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, inazo zote tatu. Basi msafiri anayetoka Iringa na kuvuka Tunduma kuingia Nakonde, Zambia, kwa orodha ya kwanza bado yuko Mashariki. Kwa ya pili ndiyo kwanza anaingia Kusini. Kwa ya tatu amekuwa Kusini tangu alipofunga safari.

Mpaka anaouvuka ulitokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Kwa mkataba huo, Mto Songwe uligeuka mpaka kati ya Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde, na Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili za Tunduma.

Oktoba 1925, Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe. Walikuja walowezi wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), wakitaka makoloni hayo yashikamane chini ya sauti yao. Kwao, Nyanda za Juu Kusini zilikuwa kiungo cha mashariki na nchi za kusini. Lakini ulikuwa mkutano wa walowezi, si wa wenye nchi.

Kiungo cha kweli kilijengwa baada ya uhuru. Kambi ya Mgagao, mkoani Iringa, iliwapokea wapigania uhuru wa Zimbabwe. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ikapita Makambako, Mbeya na Tunduma, ili shaba ya Zambia ifike Dar es Salaam bila kutegemea njia za Rhodesia na Afrika Kusini ya makaburu. Tarehe 1 Aprili 1980, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tisa zilizoasisi SADCC mjini Lusaka, chimbuko la SADC ya leo. Tarehe 30 Novemba 1999, ikatia saini mjini Arusha mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo ramani ya kanda huchorwa kwa shabaha ya mchoraji: takwimu, biashara, utawala au ukombozi. Umoja wa Mataifa wenyewe unasema mgawanyo wake ni wa kurahisisha takwimu tu. Walimu wa Mbeya na Iringa, msiishie kuwakaririsha watoto orodha. Wafundisheni kuuliza ni nani aliyeipanga, na kwa faida ya nani.