TAA Tatu na Panda Mmoja

Abiria anayeshuka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, yuko mikononi mwa TAA, yaani Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1999. Uwanja umepewa jina la Mwalimu. Wangapi kati ya wapitao hapo wanakumbuka kwamba Mwalimu naye aliwahi kuwa rais wa TAA, tena rais wake wa mwisho?

TAA yake ilikuwa Tanganyika African Association. Iliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1929 kwa jina la African Association tu, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu. Herufi T ilikuja mwaka 1948, Bara na Visiwani waliposhika kila mmoja njia yake. Zanzibar walibaki na jina la zamani hadi mwaka 1957, chama chao kilipoungana na Shirazi Association, na kutoka hapo ikazaliwa Afro-Shirazi. Huku Bara, mwaka 1953, mwalimu kijana kutoka Pugu alichukua urais kutoka kwa Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka TANU, na herufi zake zikakaa bila mwenyewe hapa nchini kwa miaka 45. Barabara ya Pugu, inayopita uwanja wa ndege, nayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Ukiyaona haya yote pamoja utadhani TAA hizi mbili ni mtu na mjukuu wake, kumbe hazina undugu wowote.

Na wakati wanachama wa TAA ya Dar es Salaam wakiandika madai yao ya katiba kwa Waingereza, TAA nyingine ilikuwa angani. Trans Australia Airlines, shirika la serikali ya Australia, lilianza safari Septemba 1946, likabadili jina mwaka 1986, kisha likamezwa na Qantas.

Hesabu inasema herufi 26 za alfabeti ya Kiingereza zinatoa michanganyiko 17,576 ya herufi tatu tatu. Nafasi tele! Lakini taasisi hujiita kwa maneno yale yale: chama, mamlaka, shirika, na mbele yake jina la nchi. Kugongana hakukwepeki, na mara nyingi hakuna anayejali, kwa kuwa hakuna anayekwenda kukata tiketi kwenye chama cha siasa.

Wanaojali ni wale wenye nembo ya kuuza. Mfuko wa wanyamapori wa WWF ulianzishwa mwaka 1961, na panda wake alichorwa na Peter Scott. Wacheza mieleka wa Marekani nao wakaanza kutumia WWF mwaka 1979. Mwaka 1994 pande mbili zilitia saini mkataba wa kuwabana wanamieleka wasitumie herufi hizo ovyo nje ya nchi yao. Wakaukiuka, wakashtakiwa London, wakashindwa mwaka 2001. Mei 2002 wakawa WWE. Kwa miaka kumi hivi, kila walipoonesha mapambano ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ilibidi nembo yao ya enzi hizo itiwe ukungu kwenye skrini, mpaka makubaliano mapya yalipofikiwa mwaka 2012.