Einstein Alikisia, na Lile Swali Langu Bado Lipo

Kabla niache kampasi, lekchara mmoja wa fizikia aliandika ubaoni: chukulia maada imesambaa sawasawa ulimwenguni kote. Nikauliza, nani alihesabu? Darasa likacheka, yeye akaendelea kuandika. Si hiyo iliyonitoa chuo, ni karo, lakini swali nilitoka nalo.

Sasa nimejisomea, na wacha niwaambie: wazo hilo lilipoingia kwenye hesabu mara ya kwanza, hakuna aliyekuwa amehesabu chochote.

Aristotle alifundisha kwamba mbinguni kuna maada tofauti na ya hapa chini, na dunia iko katikati. Copernicus akaitoa katikati mwaka 1543. Halafu 1687 Newton akaonyesha nguvu inayoangusha tunda ndiyo inayoshikilia mwezi. Sheria moja, huku na huko.

Lakini sheria kuwa moja si sawa na vitu kusambaa sawa. Hiyo ilikuja 1917, Einstein alipotaka kuandika hesabu ya ulimwengu mzima. Ilikuwa ngumu kupita kiasi, kwa hivyo akachukulia maada ni kama uji uliokorogwa vizuri, bila mabonge. Wakati huo wataalamu walikuwa bado wanabishana kama kuna galaksi nyingine mbali na hii yetu! Jamaa alikisia ili hesabu itoke. (Na alidhani ulimwengu umetulia tuli, haupanuki. Hapo alikosea.)

Ushahidi ulichelewa. 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, kule New Jersey, walinasa kelele ya redio isiyoisha. Wakasafisha hadi mavi ya njiwa kwenye antena, wapi! Kelele ni ileile popote walipoielekeza. Kumbe ni mwanga uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga. 1992 setilaiti ya COBE ikapata mabonge yenyewe: tofauti ya kama sehemu 1 kwa 100,000. Manze, shukuru hayo mabonge, ndiyo yaliyovuta maada hadi zikatokea galaksi, halafu wewe.

Sasa ile sehemu vitabu hupita mbio. Kuona usawa pande zote kutoka hapa hakuthibitishi usawa kila mahali. Ukiwa katikati ya kitunguu utaona tabaka zilezile kila upande, na bado kitunguu cha ndani si cha nje. Lazima uongeze: sisi hatuko katikati. Galaksi zilizohesabiwa baadaye zinaunga mkono, ukipima kwa mamia ya mamilioni ya miaka ya mwanga. Lakini ile "chukulia" haijafutwa ubaoni, na mimi sioni kilichowachekesha.